Siku Methani Yangu Ilipobeba Keki

Kuna aibu mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu haizikiki, maana nusu ya Babati ilikuwepo na nusu nyingine ilishasimuliwa kabla jua halijazama, kwa hiyo ni afadhali niieleze mwenyewe, angalau nichague pa kuanzia. Mpaka leo nikitoka kwangu Maisaka kwenda sokoni na kulikaribia duka la vitambaa la Bi Zuhura, miguu inavuka barabara yenyewe bila kuniuliza, na upande wa pili kuna mtaro mrefu (nimeshatumbukia humo na kikapu changu, lakini heri mtaro kuliko kukutana naye macho kwa macho).

Mimi ni Mama Deo. Kazi yangu ni mapambo: kumbi, maturubai, harusi, ubarikio, ukiniita nakuja na maputo na vitambaa na ngazi yangu. Na kwa miaka kadhaa, kila jioni nikishakunja vitambaa, nilikuwa nakimbilia masomo ya jioni kwenye madarasa ya kuazima, nikiwa na rangi ya maua mikononi na njaa tumboni, mpaka nikamaliza kidato cha sita nikiwa na mtoto ambaye naye yuko sekondari, na ambaye alinisihi nisimwambie mtu yeyote kwamba tunagombania kikokotoo kimoja. Nilifaulu. Kwenye kemia nilimpita kila mtu pale kituoni isipokuwa mmoja, na huyo mmoja namtaja sasa hivi ili maumivu yaishe mapema.

Ni Gidamis, kijana wa kutoka nyanda za Hanang, aliyechunga ng'ombe mpaka akaota ndevu ndipo akaingia darasani, mtu mpole ambaye kwa wiki nzima akisema maneno matano basi wiki hiyo alikuwa na homa. Mwalimu Bura, mkuu wa kituo chetu, alituita sisi wawili ofisini kwake akatuambia kwamba mwalimu wa kemia amehamia mkoa mwingine, kidato cha tano cha jioni hakina wa kukifundisha kemia, na anataka mmoja wetu alishike darasa hilo. Hakusema nani. Alisema tu kwamba siku ya mahafali kila mmoja wetu atamweleza mgeni rasmi jambo moja la kemia kwenye maonyesho, na yeye atakuwa amesimama nyuma anasikiliza.

Jamani, darasa lile nililitaka. Nimeitwa Mama Mapambo, nimeitwa Mama Maputo, nimeitwa "wewe wa vitambaa", na sasa nilitaka mtu asimame nikiingia mlangoni aniite Mwalimu. Nilishaanza hata kujizoeza mbele ya kioo jinsi ya kuitikia bila kutabasamu, na Baba Deo akinikuta hapo anaguna na kurudi alikotoka.

Gidamis alichagua jambo la maji kubadilika rangi kwa tone moja. Mimi nikachagua pembe za molekuli, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila somo hili hamtauona utamu wa anguko langu.

Kaboni ina nafasi za elektroni zinazoitwa obiti. Zile za nje ni nne: moja ni s, ya mviringo kama mpira, na tatu ni p, zilizokaa kimraba kama pale kona ya chumba ambapo kuta mbili na sakafu hukutana. Kama kaboni ingeshika haidrojeni nne kwa obiti hizo zilivyo, tatu zingekaa kwa nyuzi tisini na ya nne ingerandaranda kama mwalikwa asiyepangiwa kiti. Lakini methani, yaani hiyo kaboni na haidrojeni zake nne, ukiipima, pembe zote ni sawa, nyuzi mia na tisa na nusu. Kwa nini? Kwa sababu kaboni inapika makande. Inachukua kopo moja la s na makopo matatu ya p, inayachanganya kwenye sufuria moja, halafu inapakua bakuli nne zinazofanana, hakuna ya maharage matupu wala ya mahindi matupu. Na bakuli hizo hazipendani, kila moja inataka kukaa mbali na wenzake kadiri inavyowezekana, kama mawifi wanne waliokutana kwenye msiba, na zikijitafutia nafasi mpaka hewani zinaishia hivi: tatu zimetanuka chini, moja imeelekea juu. Ukichanganya s na p mbili tu, unapata bakuli tatu zinazolala bapa kwa nyuzi mia na ishirini kama mafiga, na ile p iliyobaki inasimama wima katikati, haijachanganywa na yeyote. Halafu kuna zile molekuli ambazo bakuli mojawapo kati ya nne haikupata wa kushikana naye. Hiyo inatanua viwiko na kuwabana wengine, ndiyo maana amonia, yenye bakuli moja ya namna hiyo, inasoma mia na saba, na maji, yenye mbili, yanasoma mia na nne na nusu.

Somo limeisha. Namba hizo zikumbukeni, maana ndizo zilizonichapa.

Mtu mwenye akili angetengeneza methani kwa viazi na vijiti vya meno akaiweka mezani. Lakini mtu wa mapambo hajui udogo. Nilitaka methani ambayo mtu akiwa mbali kule Singe anaiona. Nikanunua boga la kijani kutoka Nakwa, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, hilo ndilo kaboni, nikalitoboa, nikachomeka mianzi minne, mitatu ikiwa miguu iliyotanuka sakafuni na mmoja ukielekea juu, kila mwanzi nikaufunga puto jeupe la haidrojeni. Nikaazima protrakta ya ubao, ile kubwa ya mbao ya kupimia pembe, nikapima asubuhi ya mahafali. Mia na tisa kila upande (ile nusu niliiongeza kwa imani). Deo alisimama akaitazama akasema inafanana na buibui aliyemeza mpira. Mimi si mtu wa kubishana na wenye wivu.

Sasa, uamuzi wenyewe. Ulikuwa mdogo, mdogo kabisa, ungeweza kupita kwenye tundu la sindano. Tulipokuwa tunapanga ukumbi, meza ya keki ikachukuliwa ikawekewa soda, na mshereheshaji akanijia na keki mikononi, keki ya ghorofa mbili yenye maua ya waridi na uzito wa mtoto wa miaka mitatu, akaniuliza aiweke wapi. Nikatazama kulia, hakuna meza. Nikatazama kushoto, hakuna. Nikaitazama methani yangu imesimama mbele ya kiti cha mgeni rasmi kama malkia, nikasema aiweke pale juu. Nilitoa puto la mwanzi wa juu, nikafunga sinia mahali pake kwa waya, keki ikakaa, methani haikutikisika, na moyoni nikajiambia kwamba sasa Mwalimu Bura ataona kemia inayobeba mzigo.

Gidamis alikuwa anapanga glasi zake pembeni. Akainua kichwa, akaangalia, akatumia maneno yake ya wiki nzima.

"Mama Deo, boga linatoa maji."

Nikamwambia aangalie glasi zake.

Kwa wasiojua mahafali yetu, mgeni rasmi haruhusiwi kukata keki wala kutoa hotuba kabla hajatembezwa kwenye maonyesho, na mgeni wetu alikuwa Bi Zuhura mwenyewe, mfanyabiashara wa vitambaa anayeheshimiwa mji mzima, amekuja na gauni la satini rangi ya maziwa, alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na mtandio wa rangi hiyohiyo. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya mtu asiye na ugomvi na dunia. Akaanza kwa Gidamis. Gidamis akadondosha tone moja, maji yakawa ya waridi, akasema "ni hivyo" na kurudi nyuma hatua moja. Watu wakapiga makofi. Nikamhurumia kweli, nikasema moyoni, maskini, hana maneno.

Mimi nilikuwa nayo. Nilimketisha Bi Zuhura kwenye kiti chake mbele ya methani, nikampa protrakta ashike kwa mikono miwili, mshereheshaji akamshikia kipaza sauti mdomoni, mimi nikachukua cha pili, na nikawaeleza watu habari ya makande, bakuli nne, mawifi wanne, na ukumbi ukacheka palepale nilipotaka ucheke. Nikamwona Mwalimu Bura kule nyuma anatikisa kichwa kukubali. Nikasema sasa mgeni rasmi mwenyewe atatupimia pembe kati ya mwanzi wa juu na mguu, na mtasikia kwa masikio yenu mia na tisa na nusu.

Bi Zuhura akasogeza protrakta, akakunja jicho moja.

"Naona mia na saba," akasema.

Nilicheka kile kicheko cha kwenye kipaza sauti. Nikamwambia kwa upole kwamba hiyo ni ya amonia, mama, na hapa tuna methani, labda ameshika vibaya kidogo. Akaomba radhi mbele ya ukumbi mzima, maskini, akashika upya, akainamisha kichwa.

"Sasa ni mia na nne."

"Hiyo ni ya maji, mama," nikasema, na ukumbi ukaangua kicheko, na mama mmoja wa kule nyuma akapiga kigelegele. Hapo nililewa. Nikampa mgeni rasmi mgongo, nikawageukia watu, nikaanza kueleza kwamba hata wasomi wakubwa mara ya kwanza hushika vibaya, kwamba mikono ya binadamu hutetemeka, kwamba mimi mwenyewe nilihangaika, na huko nyuma yangu nikawa nasikia sauti kama ya mtu anayetafuna muwa polepole, nikadhani ni kiti. Mwalimu Bura akainua mkono wake juu. Nami nikampungia.

"Mwanangu," Bi Zuhura akasema, na hapa sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, "imeshuka chini ya mia."

Na mimi, Mama Deo wa Maisaka, mhitimu, bila kugeuka, nikasema maneno ambayo Baba Deo hunirudishia kila tukikosana: "Bi Zuhura, methani haiwezi kubadilika pembe. Wewe ndiye unayeisoma vibaya."

Watu wa mbele wakasimama. Nikadhani ni heshima.

Nilipogeuka, sinia lilikuwa limeinama kama mtu anayetaka kunong'ona, na keki ilikuwa inateleza, polepole, inasita, inafikiri, kisha ikakata shauri. Ghorofa ya juu ilitua kwenye mapaja ya Bi Zuhura, ile ya chini ikaja kwenye kiatu changu, puto moja likapasuka kwa mlio wa bunduki, na yule mama wa nyuma, aliyeamini kwamba hicho ndicho kilele cha onyesho, akapiga vigelegele mpaka pumzi ikamwishia. Maji ya boga yalikuwa yamelainisha matundu, uzito ukayatanua, miguu ikafunguka kidogokidogo muda wote niliokuwa nahutubia. Sasa mianzi mitatu ilikuwa imelala bapa sakafuni, nyuzi mia na ishirini kati ya mmoja na mwingine, safi kabisa, na mwanzi wa juu umebaki wima katikati na sinia tupu. Na nawaapia, ulimi wangu uliosoma jioni miaka yote ile haukusubiri ruhusa ya kichwa, ukasema ndani ya kipaza sauti: "Na hapo sasa mnaona bakuli tatu zimelala, na p moja imebaki wima."

Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akaomba mengine, ya kopakopa, yale ya upendo.

Bi Zuhura hakupiga kelele. Alikuwa bado ameshika protrakta, na waridi la sukari mapajani. Akaifuta krimu kwenye namba kwa kidole, akaisogeza kwenye mianzi, akakunja jicho lile lile.

"Tisini," akasema. Kisha akaniangalia. "Kumbe sikuwa nimeshika vibaya."

Ningekuwa na busara ningenyamaza hapo. Lakini nilirukia pambo la karibu, kitambaa cha zambarau kilichozungushiwa jukwaa, nikakichovya kwenye ndoo ya maji, nikaanza kumsugua mgeni rasmi mapajani, na kitambaa kikatoa rangi yake yote kana kwamba kilikuwa kinasubiri siku hiyo tu, gauni la rangi ya maziwa likageuka ramani. "Hicho nilikuuzia mimi," akasema taratibu, "na nilikwambia usikiloweshe." Na kweli alikuwa ameniambia.

Haikuwezekana akapande jukwaani vile. Wakatafuta la kumsitiri, na joho lililomtosha pale ukumbini lilikuwa moja, langu. Kwa hiyo Bi Zuhura alitoa hotuba akiwa na joho langu la kuhitimu, alitugawia vyeti akiwa na joho langu, na nilipoitwa mimi nilipanda na aproni yangu ya kazi yenye krimu, nikampa mkono mtu aliyevaa mahafali yangu. Picha zipo. Ukitazama zote utadhani yeye ndiye aliyefaulu na mimi ndiye niliyekuja kuosha vyombo. (Katika hotuba alisema elimu haina mwisho. Alisema akiniangalia.)

Jumatatu Mwalimu Bura akaniita. Nikaenda nimejiandaa, maana nilikuwa nimeshakesha kichwani nikitengeneza methani mpya. Akanikaribisha kiti, akauliza swali moja tu: mgeni aliponisomea mia na saba, nilitakiwa kufanya nini? Nikamjibu kwa kirefu. Nikasema nilitakiwa kutumia kipande cha gogo badala ya boga, nilitakiwa kuifunga miguu kwa waya chini isitanuke, nilitakiwa kutafuta meza, nilitakiwa kumsikiliza Gidamis habari ya maji, na kama keki ni lazima basi iwe ya ghorofa moja. Alisikiliza yote, hakunikatiza.

"Ungeinama ukaangalia," akasema. "Basi, Mama Deo. Mtu amekupa namba, wewe ukampa kitabu."

Akaniambia darasa analichukua Gidamis. Akaongeza kwamba maelezo yangu ya makande ni mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia, lakini mwalimu wa kemia ambaye hageuki nyuma atakuja kuunguza mtoto wa mtu. Niliondoka nimeshika mkoba wangu kama nimeshika kuku mgonjwa, na nilipofika nyumbani nikalia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikalia tena, na Baba Deo akanipikia ugali bila kuombwa, ambao ulikuwa mbichi katikati, nikaula wote.

Aliyekuja kunitafuta ni Gidamis. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga maputo ya harusi, akasimama chini akazungumza zaidi ya nilivyowahi kumsikia kwa mwaka. Alisema darasa amelianza, wanafunzi wanamwelewa kwenye hesabu na kwenye tindikali, lakini walipofika kwenye kuchanganya obiti akawaambia "zinachanganyika, ni hivyo," wakamkodolea macho. Ameshaongea na Mwalimu Bura. Nije niwe nawafundisha vipindi vya maumbo, kama msaidizi wake, na mwalimu amekubali kwa sharti kwamba hakuna kitu cha kuliwa kitakachoingia kwenye chumba cha kemia.

Kwa hiyo ninaingia, jioni mbili kwa wiki, na wanasimama, na wananiita Mwalimu Msaidizi, na hilo la pili wanalitamka haraka kwa hiyo halionekani sana. Nimejiwekea nadhiri, na nimeishika kuliko nadhiri ya ndoa: yeyote akinisomea namba yoyote, hata iwe ya ajabu namna gani, sifungui mdomo kabla sijainama nikaiona kwa macho yangu. Juzi mama mmoja mwenye duka la mbegu, amekuja darasani na mtoto mgongoni, akapima methani ya viazi mezani pake akaniambia inasoma sabini. Sabini! Nilijua si sabini. Darasa zima lilijua. Ulimi ukanisimama mlangoni kabisa mwa meno, na Gidamis kule pembeni akawa ananiangalia. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza.

Alikuwa anasoma namba za upande wa pili wa protrakta, zile zinazohesabu kinyume. Alikuwa ameshika vibaya kweli, jamani, vibaya kabisa. Lakini niliinama.